Kubetua mdomo kwa fremu 11: emoji inayocheza hutengenezwaje

Emoji za kwenye simu ni maelfu, lakini hakuna hata moja inayojua kubetua mdomo. Ipo inayocheka mpaka machozi, ipo inayotuma busu, ipo inayozungusha macho. Ila yule shangazi aliyeketi barazani, anayempandisha mtu na kumshusha kwa macho kuanzia mtandio mpaka kandambili, halafu akaubetua mdomo wa chini bila kutamka neno, huyo hayumo.

Nimejaribu kumchora mara nyingi akiwa ametulia. Kila mara aliishia kufanana na mtoto anayetaka kulia. Mdomo wa chini uliotokeza, ukiutazama peke yake, ni huzuni. Unakuwa dharau pale tu macho yanapotangulia, yakashuka taratibu, yakapanda, kisha mdomo ukafuata. Maana imo kwenye mfuatano, na kwenye kusubiri kati ya tendo moja na jingine. Kwa hiyo nitataja programu, menyu na aina za mafaili, lakini jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni muda: nani anatangulia, nani anangoja, na anangoja kwa kiasi gani.

Kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa, maana anayetaka kutengeneza "emoji yake" mara nyingi hajui anatengeneza kitu gani.

Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliwapendekezea wenzake kwamba anayeandika mzaha kwenye kompyuta aweke nukta mbili, kistari na mabano ya kufunga, :-) ili asieleweke vibaya. Yale yalikuwa maandishi matupu, alama za kawaida zilizolazwa ubavu. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita, akifanya kazi katika kampuni ya simu ya NTT DoCoMo nchini Japani, alisimamia seti ya alama 176, kila moja ikiwa imechorwa ndani ya gridi ya vitone 12 kwa 12. Mwaka 2010 toleo la 6.0 la Unicode likaziingiza emoji kwa mamia katika orodha ya herufi za dunia nzima, kila moja na namba yake. Ile ya machozi ya furaha ni U+1F602.

Hapo ndipo penye fundo. Unapomtumia mtu emoji ya kibodi, humtumii picha. Unamtumia namba, na simu yake ndiyo inayochora. Ndiyo maana uso uleule huonekana hivi kwenye Samsung na vile kwenye iPhone. Na ndiyo maana huwezi kuingiza uso wako mwenyewe kwenye kibodi za watu: namba mpya hutolewa na shirika la Unicode peke yake, baada ya pendekezo kujadiliwa na kukubaliwa, kisha kila kampuni ichore kivyake. Unachoweza kutengeneza nyumbani ni faili la picha lenye sura ya emoji. Mtaani tunaliita stika, au GIF. Faili hilo lina uzito, lina rangi zilizohesabiwa, lina saa yake ndani, na litasafiri kwa bando la mtu. Mengi yanayowasumbua wanaoanza yanatokana na kusahau kwamba ni faili.

Faili lenyewe lilivyo

GIF ni mzee kuliko watu wengi wanaoitumia. Kampuni ya CompuServe ya Marekani iliitoa mwaka 1987, kazi iliyoongozwa na Steve Wilhite, wakati kompyuta zikipitisha picha kwenye waya za simu kwa mwendo wa konokono. Ili picha iwe nyepesi walikubali kubanwa. Kila picha ina paleti ya rangi zisizozidi 256, na kila kitone hakisemi rangi yake, kinataja tu namba ya rangi kwenye paleti hiyo. Kisha faili linasomwa mstari kwa mstari na kufupishwa: vitone vilivyofuatana vikiwa sawa, au mpangilio fulani wa vitone ukijirudia, unaandikwa kwa mkato.

Toleo la 1989 likaongeza mambo matatu yanayotuhusu. Fremu, yaani kila picha moja ndani ya mfuatano, iliweza kupewa muda wake wa kukaa kwenye skrini, ukihesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Rangi moja ya paleti iliweza kutangazwa kuwa wazi, ili kilichopo nyuma kionekane. Na fremu iliweza kuagizwa ifanywe nini zamu yake ikiisha: ibaki pale, au ifutwe kabla ya inayofuata. Kuzunguka bila kikomo hakukuwamo. Kulikuja mwaka 1995 na kivinjari cha Netscape Navigator 2.0, kilichoweka alama yake ndani ya faili kuagiza picha irudie tena na tena. Kivinjari hicho kimekwisha kufa, lakini ukifungua kwa kihariri maandishi GIF inayozunguka, hata uliyoitengeneza leo asubuhi, utakuta ndani yake neno NETSCAPE2.0.

Shika mambo matatu kati ya hayo: rangi 256, kitone ama ni wazi kabisa ama si wazi kabisa, na muda unaohesabiwa kwa sehemu za mia. Karibu kila tatizo tutakalokutana nalo huko mbele ni mtoto wa mojawapo.

Kuchora mara moja, kusogeza mara nyingi

Ninatumia GIMP, programu ya kuchora na kuhariri picha. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo ni ya bure kabisa, iwe kwenye Windows, Linux au Mac. Kwa kijana mwenye kompyuta ya mtumba na asiye na kadi ya kulipia programu za kila mwezi, hilo si jambo dogo. Mwenye Photoshop atafanya yaleyale kupitia paneli yake ya Timeline. Majina yatatofautiana, fikra ni ileile.

Fungua picha mpya ya pikseli, yaani vitone, 512 kwa 512 yenye usuli wazi. Kipimo hicho nimekichagua kwa sababu ndicho WhatsApp inachokitaka kwa stika, na ni rahisi kupunguza picha kubwa kuliko kukuza ndogo. Kisha kila kiungo kiwe na leya yake, yaani tabaka lake peke yake la mchoro: uso, weupe wa macho, mboni, kope za juu, nyusi, mdomo wa juu, mdomo wa chini, mtandio. Wanaoanza huchora uso mzima, kisha wanauchora tena mzima kwa fremu ya pili, na wa tatu. Matokeo yake uso unatetemeka, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kurudia mstari uleule mara 11. Chora mara moja. Baada ya hapo unasogeza mboni, unashusha kope, unautokeza mdomo, na vingine vyote huvigusi.

Kuhusu mtandio nina neno. Kishawishi cha kwanza ni kuujaza maua ya kitenge au nakshi ya kanga yenye pindo na mji wake. Niliwahi kufanya hivyo, nikaipenda sana kazi yangu ikiwa imejaza skrini. Ilipofika kwenye simu, ikiwa na upana wa ncha ya kidole gumba, nakshi yote iligeuka kuwa uchafu wa rangi, na faili likawa zito kwa sababu vitone vinavyobadilikabadilika havifupishiki. Siku hizi naweka rangi moja nzito na madoa matatu makubwa. Anayeijua kanga ataitambua kwa madoa hayo matatu.

Ukimaliza mkao mmoja, utoe kama picha ya PNG na uupe namba: 01, 02, 03, mpaka mwisho. Faili la kazi lenye leya zote lihifadhiwe kwa XCF, aina ya GIMP yenyewe, na usilifute hata kama umechoka nalo, kwani marekebisho hayaishi. Mikao yote ikiwa tayari, nenda kwenye File, chagua Open as Layers, uifungue yote kwa pamoja. Kila PNG itakuwa leya moja, na kila leya itakuwa fremu moja. Hapa watu wengi hupotea: GIMP huanza kucheza kutoka leya ya chini kabisa kwenda juu. Ikiwa 01 iko juu, shangazi atabetua mdomo kwanza kisha ndipo amtazame mtu, na maana yote itaharibika.

Muda huandikwa kwenye jina la leya. Baada ya jina unafungua mabano, unaandika kwa mfano 900ms, unafunga. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja. Kwa kuwa GIF inahesabu kwa sehemu za mia, milisekunde 85 haziwezi kuandikwa ndani yake. Itakuwa 80 au 90. Na usidhani kwamba kuweka sifuri au 10 kutaifanya fremu ipite kama umeme. Vivinjari vikubwa vikiona muda mfupi namna hiyo huugeuza kuwa milisekunde 100, kwa hiyo fremu uliyotaka iwe ya kasi kuliko zote ndiyo itakayokokota miguu.

Macho yatangulie

Sasa tuje kwa shangazi. Fremu ya kwanza ni uso mtulivu, macho mbele, mdomo umefungwa. Naiacha milisekunde 900, karibu sekunde nzima, kwa sababu anayetazama anahitaji kwanza kujua huyu ni nani na yukoje kabla hajafanya lolote. Kasoro ninayoiona mara nyingi kuliko nyingine kwenye stika za watu ni hii ya kukosa utulivu wa mwanzo: picha inaanza kurukaruka tangu nukta ya kwanza, jicho halipati pa kushika.

Fremu ya pili, mboni zinapanda kidogo na nyusi nazo. Milisekunde 100. Macho yanakwenda chini, sasa kwa nini yapande? Kwa sababu mwili hujikusanya kabla ya kutenda. Anayetaka kuruka huchuchumaa kwanza, na anayetaka kurusha jiwe hupeleka mkono nyuma. Wachora katuni wamelijua hili kwa miaka mingi, na hata kwenye uso wa pikseli chache linafanya kazi: ile hatua ndogo ya kinyume inamwandaa mtazamaji, hivyo kinachofuata anakiona kikamilifu badala ya kushtukizwa nacho.

Fremu ya tatu macho yapo nusu njia, milisekunde 80. Ya nne yamefika chini kabisa, kope zimeshuka juu ya mboni, na hapo yanakaa milisekunde 400. Hapo ndipo kandambili zinapokaguliwa. Ukizipunguza hadi 100, shangazi atakuwa amepepesa tu, kwa sababu kupepesa kwa binadamu huchukua takribani sehemu 1 hadi 4 za kumi ya sekunde, na ubongo wetu unakijua kipimo hicho bila kufundishwa. Mchoro ni uleule, muda ndio umebadilika, na ukaguzi umegeuka kupepesa. Nilipoligundua hili nilirudi kwenye kazi zangu zote za zamani, na nyingi zilipona bila kuchorwa upya, kwa kubadilisha namba tu.

Fremu ya tano macho yanapanda, nusu njia, milisekunde 80. Ya sita yamefika juu, yanamtazama mtu usoni, milisekunde 200. Angalia kwamba kushuka kulipewa kituo kirefu na kupanda kumepewa kifupi. Hukumu imeshatolewa huko chini, na huku juu inakuja kutangazwa tu.

Ya saba, mdomo wa chini unaanza kutokeza, milisekunde 80. Ya nane umetokeza kupita kiasi, zaidi ya pale utakapokaa, milisekunde 80 nyingine. Ya tisa umerudi ndani kidogo na kutulia, kope zimeshuka nusu, na hapo nampa sekunde nzima, milisekunde 1,000. Ile fremu ya nane iliyozidisha haionekani kama fremu. Hakuna mtu atakayekuambia ameiona. Ukiitoa, mdomo unatoka kama droo ya kabati. Ukiirudisha, unakuwa nyama.

Zinabaki mbili za kurudi, ya kumi na ya kumi na moja, milisekunde 80 kila moja, mdomo ukiingia na macho yakirudi mbele, ili mzunguko ukianza upya pasiwe na mruko. Jumla ni milisekunde 3,080.

Kwa nini nimerudia 80 kila mahali pa mwendo? Sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, na wachora katuni, ili kuokoa kazi, walizoea kukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili. Hiyo ni michoro 12 kwa sekunde, kila mmoja ukikaa milisekunde 83 na kidogo. Macho yetu yamelelewa na mwendo huo tangu utotoni na yanauona kuwa wa kawaida. Kwa GIF, 80 ndiyo jirani yake wa karibu.

Kabla ya kutoa faili, fungua Filters, kisha Animation, kisha Playback, uitazame ikicheza. Itazame mara kumi. Halafu inuka, kanywe maji, urudi uitazame tena. Kasi inayokufurahisha ukiwa umeikodolea kwa saa nzima mara nyingi ni kubwa mno kwa anayeiona mara ya kwanza, maana wewe tayari unajua kinachokuja.

Weupe unaoganda pembeni

Umeitoa GIF, umeiweka kwenye skrini nyeusi, na shangazi amezungukwa na ukingo mweupe uliochongokachongoka kama karatasi iliyochanwa. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengi hudhani wamekosea kuchora.

Hawakukosea. Brashi ya kawaida ikichora duara, haiwezi kukata kitone katikati, kwa hiyo pembezoni inaweka vitone vya nusu: nusu rangi, nusu wazi. Ndivyo mviringo unavyoonekana laini. GIF haina nusu. Kila kitone cha pembeni lazima kiamue kuwa kipo au hakipo. Vikikatwa kwa ukali, ukingo unakuwa ngazi. Vikichanganywa kwanza na rangi ya usuli, tuseme nyeupe, ukingo unakuwa laini juu ya nyeupe na unang'aa vibaya juu ya nyeusi. Hakuna mpangilio wa siri utakaoondoa hilo, kwani ndivyo faili lilivyojengwa.

Unachoweza kufanya ni kuchagua mapema. Kama unajua rangi ya mahali picha itakapokaa, GIMP ina amri ya Semi-Flatten inayochanganya vile vitone vya nusu na rangi unayoitaka na kuviacha vilivyo wazi kabisa jinsi vilivyo. Kama hujui, na kwenye simu hujui kwa sababu mmoja anatumia skrini nyeupe na mwingine nyeusi, zungushia uso mpaka mnene wa makusudi. Ndiyo sababu stika nyingi zina ukingo mweupe kama zimekatwa kwa mkasi. WhatsApp wenyewe huwashauri wachoraji waweke mpaka mweupe wa pikseli 8, na waache nafasi ya pikseli 16 kati ya mchoro na ukuta wa picha. Tatizo limegeuzwa kuwa pambo, na mimi nalikubali, kwa sababu linafanya kazi.

Mizimu ya fremu zilizopita

Katika jaribio moja niliamua shangazi arudishe kichwa nyuma kidogo anapobetua. Ilipocheza, alikuwa na vichwa viwili: kimoja kimesogea, na cha zamani kikichungulia nyuma yake kama kivuli.

Kumbuka ile agizo ya 1989. Fremu inaweza kuwekwa juu ya iliyotangulia bila kuifuta, au iliyotangulia ikafutwa kwanza. Ikiwekwa juu tu, popote fremu mpya ilipo wazi, ya zamani itaonekana. Kwenye GIMP unaamua kwa kuongeza mabano ya pili kwenye jina la leya na kuandika ndani yake replace, yaani futa kwanza, au combine, yaani weka juu. Replace inaondoa mizimu yote. Gharama yake ni uzito, kwa sababu kila fremu lazima ibebe picha nzima.

Hesabu ni hii. Pikseli 512 mara 512 ni 262,144. Kabla ya kufupishwa, GIF inatumia baiti moja kwa kila kitone, hivyo fremu 11 ni karibu megabaiti 2.9. Kwa combine, fremu ya tatu hailazimiki kubeba uso na mtandio ambavyo havijasogea. Inabeba kipande kidogo cha macho tu. GIMP itakukatia vipande hivyo yenyewe ukitumia Optimize for GIF, iliyo kwenye menyu ileile ya Animation, na itakuletea matokeo kama picha mpya ili ya kwanza isiharibike.

Kwa hiyo swali la kama kichwa kisogee au kisisogee si la sanaa peke yake. Kichwa kikitulia, mwendo wote unabaki ndani ya duara la uso, combine inatosha, faili linakuwa jepesi. Kikisogea, unalipa. Nilipopima nikaona dharau ya kweli haihitaji kichwa. Mtu anayekudharau sawasawa hakupi hata hicho, anakupa macho na mdomo tu. Nikakitoa.

Rangi nazo zina mchango. Ukibadilisha picha kuwa ya paleti, kupitia Image, Mode, kisha Indexed, usikimbilie 256. Uso wenye rangi bapa unatosheka na 32, pengine 16. Na hapo utaulizwa kuhusu dithering, ule mtindo wa kunyunyiza vitone vya rangi mbili ili kuiga ya tatu. Chagua None. Mnyunyizo unavunja ile mistari mirefu ya rangi moja ambayo GIF inajua kuifupisha, na kwenye mwendo vile vitone huchemka kama sufuria ya uji. Ni kwa sababu hiyo pia kwamba rangi zinazofifia polepole kutoka kwenye mwanga kwenda gizani, zinazopendeza kwenye emoji za kampuni kubwa, si rafiki wa GIF.

Ikifika WhatsApp

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa GIF iliyotoka vizuri kabisa kwenye kompyuta inaingia WhatsApp na kupata usuli mweupe au mweusi. Sababu ni kwamba WhatsApp haitumi GIF kama GIF. Inaigeuza kuwa video ya MP4, na video ya namna hiyo haina uwazi. Kila palipokuwa wazi lazima pajazwe.

Kinachotakiwa ni stika, na stika za WhatsApp ni za aina ya WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010. WhatsApp ilifungua mlango wa stika mwaka 2018, na zinazocheza zikaingia 2020. Masharti yake ni pikseli 512 kwa 512, uzito usiozidi kilobaiti 500, na mchezo usiozidi sekunde 10. Pakiti moja ina stika kati ya 3 na 30, na ama zote zinacheza ama zote zimetulia, hazichanganywi. GIMP inatoa WebP moja kwa moja: chagua aina hiyo wakati wa kutoa faili, weka alama kwenye As animation na Loop forever, na ile mabano yako ya muda inasomwa kama ilivyosomwa kwa GIF. Kuiingiza kwenye simu kunahitaji programu ya kupanga stika, nazo zipo nyingi.

Zawadi kubwa ya WebP ni kwamba inazijua nusu. Kitone kinaweza kuwa wazi kwa viwango 256, hivyo ukingo unabaki laini juu ya rangi yoyote. Paleti nayo haikubani. Ukijua unakwenda WhatsApp pekee, usipitie GIF hata kidogo. Toa WebP kutoka kwenye zile PNG zako za mwanzo. Nimeona watu wakitengeneza GIF, wakaigeuza kuwa WebP, kisha wakashangaa ukingo bado una meno. Meno yaliota kwenye GIF na yakasafiri nayo.

Telegram inataka kingine. Stika zake za video ni mafaili ya aina ya WEBM, yasiyozidi kilobaiti 256 na sekunde 3. Shangazi wetu ana sekunde 3 na milisekunde 80, kwa hiyo anakataliwa kwa fremu moja tu. Usikate mwendo ili kumpunguza. Kata kituo: ile ya tisa ishuke kutoka 1,000 hadi 900, jumla iwe 2,980, na hakuna atakayeona tofauti.

Mwisho, jaribio ambalo hakuna programu itakayokufanyia. Itume kwa mtu mmoja asiyejua unachotengeneza, bila maelezo, kwenye simu yenye skrini ya kawaida na mwanga wa jua nje. Muulize, huyu anasema nini? Mimi nilimtumia dada yangu. Jibu la kwanza lilikuwa, "Mbona kama anataka kulia?" Nikarudi kwenye fremu ya nne, nikaongeza ukaguzi kutoka milisekunde 250 hadi 400, nikamtumia tena. Safari hii hakujibu kwa maneno. Alipiga picha kandambili zake akanitumia.